Uliachia Wapi? Mwongozo Kamili wa Kumpendekezea Mtu Filamu, Kitabu, Mchezo au Muziki

Kijana mmoja wa mtaa wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi nchini Kongo, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja siku moja kwenye kabati la vitabu ninalolitunza akaniambia kwamba anapenda hadithi za migodi na wachimbaji. Bila kumuuliza neno lingine nilimpa Tram 83, riwaya ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa mji wetu, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 2014, kwa kuwa inasimulia mji wa machimbo na baa moja ambamo wachimbaji, wanafunzi, watalii na wanawake wa usiku hukutana. Siku ya tatu alikirudisha, na kipande cha risiti alichokitumia kama alama ya ukurasa kilikuwa bado karibu na jalada la mbele. Nilipomuuliza aliachia wapi, alifungua ukurasa wenyewe, akaweka kidole, akasema, akiniita yaya kama mdogo amwitavyo mkubwa wake: “Yaya, hapa wanaongea, wanaongea, na hakuna anayefika popote. Mimi nilitaka mtu ashuke chini, nikae nikijiuliza kama atapanda.”

Kidole kile kilinifundisha zaidi ya yote aliyoniambia siku ya kwanza. Kumbe hakuwa akitafuta migodi; alikuwa akitafuta hatari ambayo mwisho wake haujulikani, na mgodi ulikuwa tu mahali alipozoea kukutana nayo katika masimulizi ya baba zake wadogo. Riwaya niliyompa ni nzuri, nami naipenda hadi leo, lakini uzuri wake uko katika mdundo wa maneno, katika swali lile la kuuliza saa linalorudi tena na tena kama kiitikio cha wimbo, si katika safari ya mtu kutoka hatarini. Tangu siku hiyo nimeacha kuanza kwa swali la “unapenda nini?” Naanza na “uliachia wapi?”, na mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo.

Hatua ya kwanza: uliza mambo matatu

Mtu akiulizwa anachokipenda, mara nyingi hutaja kile alichofundishwa shuleni kukiheshimu, au kile kinachopigwa mtaani wiki hiyo, au kile anachodhani kitamfanya aonekane mtu wa maana mbele yako. Hasemi uongo, anajibu swali ambalo halina jibu la haraka. Mahali alipoachia, kwa upande mwingine, ni tukio lililompata. Kuna usiku ambao alizima simu, kuna ukurasa ambao alifunga kitabu, na anakumbuka alivyojisikia.

Kwa hiyo muulize kwanza: kuna kitu gani ulichokirudia mara mbili bila mtu kukuambia ukirudie? Halafu: kipi ulikianza ukakiachia njiani, na uliachia wapi hasa? Mwisho: kipi watu wanakusisitizia kila mara, nawe unaendelea kukikwepa? Jibu la kwanza linakuonyesha kinachomvuta, la pili kinachomchosha, na la tatu kinachomtisha au kinachomkera kabla hata hajakigusa. Ukipata majibu hayo matatu kuhusu kazi halisi, zenye majina, huhitaji orodha ndefu ya maswali mengine.

Wazee huulizwa kwa namna nyingine. Si adabu kumkalisha mzee na kumhoji kama mwanafunzi kuhusu anavyovipenda na asivyovipenda, na hata akikubali, atakujibu kwa ufupi ili akuondoe. Mwombe asimulie. “Papa, siku zile mji ukiitwa bado Élisabethville, redio ikifunguliwa, ni nini kilichowanyamazisha watu wote nyumbani?” Mji ulibadilishwa jina mwaka 1966, na wazee waliokuwa vijana wakati huo wana jibu la swali hilo, tena jibu refu. Sikiliza mahali sauti yake inapopanda.

Jihadhari na jambo moja: si kila aliyeachia amechoshwa. Kwetu umeme hukatika katikati ya filamu, mega za intaneti huisha, mtoto huamka, mgeni hubisha hodi. Uliza sababu kabla ya kuandika chochote. Na hapa ndipo binadamu anapoishinda mashine. Programu zinazopendekeza video na nyimbo hufanya kazi kwa njia mbili kuu: ama zinatafuta watu waliotazama mambo yale yale uliyoyatazama na kukuletea walichoendelea nacho, ama zinalinganisha sifa za kazi yenyewe na sifa za zile ulizozimaliza. Ni ufundi mkubwa. Kampuni ya Netflix ilitoa tuzo ya dola milioni 1 mwaka 2009 kwa kundi lililoboresha makisio yake kwa asilimia 10 hivi. Lakini programu huona kwamba umeishia dakika ya 12, na haiwezi kuona kwamba dakika hiyo mtaa mzima uliingia gizani. Wala haijui kwamba simu moja inatumiwa na mama, na kaka mkubwa, na mtoto wa miaka 6, kiasi kwamba yule inayemdhani kuwa mtazamaji mmoja ana ladha za watu watatu. Wewe unajua, kwa sababu uliuliza.

Hatua ya pili: geuza majina kuwa sababu

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa na majina matatu mkononi, jina moja halikusaidii mpaka ulivunje na kupata sababu iliyo ndani yake.

Kwa vitabu na filamu natumia mgawanyo wa Nancy Pearl, aliyekuwa mkutubi wa Seattle nchini Marekani, ambaye husema kwamba msomaji huingia katika kitabu kwa mmoja kati ya milango minne: hadithi, wahusika, mahali, au lugha. Anayeingia kwa mlango wa hadithi anataka kujua kitakachofuata. Wa wahusika anataka mtu wa kuishi naye, hata kama hakuna kinachotokea. Wa mahali anataka kupelekwa: aone barabara, anuse jiko, ajue watu wa huko wanasalimianaje. Wa lugha anasoma sentensi moja mara mbili kwa sababu ya sauti yake. Kila kazi ina milango yote minne, ila haiko wazi kwa kiasi sawa, na Tram 83 imefungua wazi kabisa mlango wa lugha na kuacha ule wa hadithi ukiwa nusu. Fundi wangu alisimama kwenye mlango usiofunguka, akarudi.

Mimi nimeongeza jambo la tano ambalo kwa watu wa hapa siwezi kuliacha: uzito wa huzuni ambao mtu yuko tayari kuubeba. Jirani aliyekimbia vita vya Kivu, mashariki mwa Kongo, akaja kuanza maisha upya Lubumbashi anaweza kupenda kwa moyo wote masimulizi ya mashariki, na anaweza vilevile kutotaka kuyasikia hata kwa dakika moja, na huwezi kubahatisha kwa kumtazama. Muulize waziwazi, kwa upole, kabla hujampa chochote kinachogusa vita.

Muziki unahitaji masikio zaidi ya maswali, maana wengi hawana maneno ya kueleza wanachokipenda katika wimbo. Nitaeleza jaribio ninalolifanya. Napiga wimbo mmoja tu, Masanga wa Mwenda Jean Bosco, ambao Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliurekodi mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Ni gitaa moja na mtu mmoja, lakini asiyejua atakuapia kwamba wanapiga wawili, kwa kuwa dole gumba linashika nyuzi nzito huku vidole vingine vikichezea sauti za juu, na kila upande unakwenda njia yake bila kupotezana. Napiga, nanyamaza, natazama mikono na uso wa anayesikiliza.

Mama mmoja anayeuza samaki katika soko la Kenya, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi, aliniambia kwamba yeye ni wa “muziki wa zamani” tu. Wimbo ulipoanza, alitikisa kichwa kidogo kwa adabu, na baada ya muda akaniuliza: “Na huyu, anasema nini?” Swali hilo ndilo lilikuwa jibu. Mama hakuja kwa ajili ya gitaa wala kwa ajili ya uzamani. Alitaka neno, kisa, mtu wa kumlaumu na mtu wa kumhurumia. Kwa kuwa anakisikia Kilingala vizuri, nilimpigia Mario wa Franco, mwanamuziki wa Kinshasa, wa mwaka 1985, unaomsema kijana msomi anayelelewa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri. Aliacha kupanga samaki wake. Alianza kumjibu Franco kwa sauti, akikubali hapa, akipinga pale, na majirani zake wawili wakaingilia.

Wiki hiyo hiyo kijana anayejifunza gitaa kanisani alisikiliza Masanga uleule na kuniomba nirudishe mwanzo, kisha nirudishe tena. Hakuuliza maneno hata mara moja. Macho yake yalikuwa yakitafuta vidole ambavyo simu haikuweza kumwonyesha. Huyo sikumpeleka kwa Franco. Nilimpeleka mbali zaidi kwa ramani lakini karibu zaidi kwa mkono: kwa Mississippi John Hurt wa Marekani, ambaye naye dole gumba lake hutembea peke yake, na kwa Ali Farka Touré wa Mali. Wote wawili, mama na kijana, wangeandikwa kwenye daftari la mtu mvivu kama “wapenzi wa muziki wa zamani,” na mmoja wao angeondoka mikono mitupu.

Wapo pia ambao hawataki maneno wala vidole, wanataka umati. Kwao karindula inatosha, na yule banjo mkubwa wa pipa la chuma lililowambwa ngozi ya mbuzi; lakini mpendekezee mtu kwenda kuiona ikipigwa uwanjani. Kwenye simu karindula hupoteza nusu ya nguvu zake.

Hatua ya tatu: pima maisha yake kabla ya kupima kazi

Kitabu kinachomfaa mtu kwa ladha kinaweza kutomfaa kwa wiki anayoiishi. Ana saa ngapi kwa siku, na ziko pamoja au zimekatika vipande? Anatazama peke yake au sebuleni pamoja na mama mkwe? Ana flashi na televisheni, au simu yenye kioo kilichopasuka? Mega zake zinatosha filamu nzima au wimbo mmoja mmoja? Muuguzi wa zamu ya usiku niliyemfahamu alikuwa msomaji hodari wa riwaya nene, lakini katika miezi ya zamu alihitaji hadithi fupi zinazokwisha ndani ya dakika 20, na aliyempa riwaya wakati huo alimpa deni.

Lugha ndiyo kipimo kinachosahauliwa zaidi. Sisi wa Lubumbashi tunazungumza Kiswahili tangu tunapoamka, lakini wengi wetu tulifundishwa kusoma kwa Kifaransa, na Kiswahili sanifu cha vitabu vya pwani kina maneno ambayo masikio yetu hayakuyazoea. Matokeo yake mtu anaweza kuona aibu anapokwama katika lugha anayoiita yake, akafunga kitabu, na kusingizia kwamba hadithi haikuwa nzuri. Nikimpa mtu Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, namshauri asome kurasa za mwanzo kwa sauti, kwa kuwa sikio hutambua maneno mengi ambayo jicho limeyakwepa. Ni kitabu ambacho napenda sana kukiweka mikononi mwa watu wa huku, maana msafara wa biashara unaosimuliwa humo unatoka pwani na kuelekea bara, upande wetu, na msomaji wa Katanga, eneo letu hili, huuona ukija ilhali msomaji wa Dar es Salaam huuona ukienda.

Kwa anayependa masimulizi ya wazee lakini anachoshwa na Kiswahili sanifu kuna hazina iliyoandikwa kwa Kiswahili chetu hasa: historia ya mji huu iliyotungwa na André Yav mwaka 1965, kwa ajili ya watu waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Inaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, na inapatikana kwenye intaneti bila malipo. Mjukuu wa mpishi wa zamani aliyeisoma aliniambia kwamba alimsikia babu yake katika kila mstari, kuanzia namna ya kuanza sentensi.

Upande wa filamu, kipimo cha maisha hukufanya uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu filamu hutazamwa na nyumba nzima. Makala, filamu ya Mfaransa Emmanuel Gras iliyopata tuzo kuu ya kitengo cha Semaine de la critique katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2017, inamfuata kijana wa Katanga anayekata mti, anachoma makaa, na kuyasukuma kwa baiskeli hadi Kolwezi. Inazungumza Kiswahili, lakini haizungumzi sana. Kwa anayeweza kukaa na ukimya, akitazama gurudumu likizama mchangani, ni filamu isiyosahaulika. Kwa sebule yenye watoto watano wanaokula bukari, ugali wetu, ni adhabu. Augure, filamu ya mwaka 2023 ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, nayo iliyotuzwa Cannes, inamhusu kijana anayerudi nyumbani kutoka Ubelgiji na kukutana na familia iliyomwona tangu utotoni kuwa na uchawi. Ni kazi ya picha za ajabu na rangi nzito. Siipendekezi kamwe bila kuuliza kwanza, kwa sababu katika mji huu wapo watu waliofukuzwa nyumbani wakiwa watoto kwa shutuma kama hiyo, na hawatakuambia wewe mpaka wawe tayari.

Hatua ya nne: shika mawili, badilisha moja

Sasa una sababu na una kipimo cha maisha. Kosa la kawaida ni kumpa mtu kile kile alichonacho, au kumrusha mbali mno kwa kuwa wewe unataka akue. Kanuni ninayoifuata ni kushika mambo mawili aliyoyazoea na kubadilisha moja tu.

Chukua mtu aliyelelewa na michezo ya kuigiza ya kundi la Mufwankolo kwenye redio na televisheni ya hapa. Ukimhoji vizuri utakuta anapenda mambo matatu: kicheko, fitina za nyumbani zinazofumuka taratibu, na Kiswahili cha mtaani. Shika kicheko na fitina, badilisha lugha, umpe La vie est belle ya mwaka 1987, ambamo Papa Wemba anaigiza mwanamuziki maskini kutoka kijijini anayejitafutia njia Kinshasa. Mmoja wa waongozaji wake wawili, Mweze Ngangura, ni mzaliwa wa Bukavu. Akiimaliza na kuifurahia, basi sasa kicheko na mwongozaji vimeshikwa, na unaweza kubadilisha nchi: Pièces d’identités ya mwaka 1998, iliyopata tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO huko Ouagadougou mwaka 1999, inamfuata mfalme mzee anayesafiri hadi Ubelgiji kumtafuta binti yake. Kwa hatua mbili umemtoa mtu kwenye redio ya nyumbani ukamfikisha kwenye sinema iliyotuzwa Ouagadougou, na hakuna mahali alipojisikia ameachwa peke yake.

Na yule fundi? Nilishika hatari na mwisho usiojulikana, nikabadilisha mahali, nikampa Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, hadithi ya upelelezi ya Bwana Msa iliyochapishwa mwaka 1960. Nilimwonya kwamba Kiswahili chake ni cha Unguja. Alikaa nacho wiki mbili, akaja kuniuliza maana ya maneno kama kumi aliyoyaandika nyuma ya karatasi ya oda ya milango, na akakimaliza.

Toa kitu kimoja. Ukimpa mtu majina saba, umemrudishia kazi uliyoombwa umfanyie, naye hataanza hata moja. Kama una wasiwasi, weka cha pili akilini na usikitaje mpaka arudi.

Hatua ya tano: namna ya kukabidhi

Usisifu kupita kiasi. Anayeambiwa kwamba kitabu hiki kitabadilisha maisha yake hukisoma akingoja maisha yabadilike, na kila ukurasa wa kawaida huwa hasara. Mwambie kwa nini umemfikiria yeye, ukitumia maneno yake mwenyewe: “Uliniambia unataka kukaa ukijiuliza kama atapanda, huyu hapa, utajiuliza.” Kisha mtajie waziwazi kinachoweza kumkera, kwamba sura mbili za kwanza ni nzito, kwamba wimbo huchelewa kufika kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, kwamba kuna tukio la ukatili karibu na nusu ya filamu. Onyo la kweli humfanya mtu avumilie mahali ambapo bila onyo angeachia. Mwisho wa hadithi usiuguse hata kwa ishara ya uso.

Mpe pia ruhusa ya kuacha, tena yenye kiasi. Nancy Pearl ana kanuni ya kurasa 50: soma 50, kisha amua, na ukishavuka umri wa miaka 50, toa umri wako katika 100, na idadi inayobaki ndiyo ya kurasa unazodaiwa. Mzee wa miaka 70 anadaiwa 30 tu. Wazee wanaipenda sana hesabu hiyo. Kwa filamu mimi husema dakika 20, kwa albamu nyimbo tatu.

Mwandikie jina la kazi na la mwenye kazi kwenye karatasi, herufi kwa herufi, kwa sababu tahajia mbaya ikiingizwa kwenye simu humaliza mega za mtu bila kumpa kitu. Na pale kazi inapouzwa kwa njia halali mwelekeze huko. Wanamuziki wa mji huu wanaishi kati yetu, na tunajua wanavyohangaika.

Michezo

Kwa michezo swali la msingi ni moja: mtu anataka kumshinda nani? Anayetaka kumshinda rafiki aliyeketi mbele yake hatakaa na mchezo wa peke yake, hata uwe mzuri kiasi gani. Mpe mpira wa miguu wenye vidhibiti viwili, au dame (drafti), au kisolo, mchezo wetu wa mashimo na kete. Anayetaka kujishinda mwenyewe anafaa Tetris, ambayo tangu mwaka 1984 haijamruhusu mtu kufika mwisho kwa urahisi. Asiyetaka kumshinda yeyote, anayetaka kujenga, mpe Minecraft. Kwa mpenzi wa kisolo kanuni ya mawili na moja hufanya kazi vizuri ajabu: shika mashimo na hesabu ya kichwani, badilisha sheria, na umfundishe bao la Waswahili lenye mashimo 32 na kete 64. Kabla ya kupendekeza mchezo wowote wa simu hakikisha kwamba unachezeka bila intaneti, na kwamba simu yake ina nafasi ya kuubeba.

Mkiwa wengi, na siku za msiba

Kundi halina ladha. Lina mtu anayeweza kukasirika kwanza. Unapochagua filamu ya watu kumi, usitafute inayopendwa na wengi, muulize kila mmoja kimya kimya kitu kimoja asichoweza kukivumilia, uondoe vyote hivyo, na uchague katika vinavyobaki. Watoto wakiwemo, wao ndio kipimo.

Kwenye matanga usipendekeze chochote mpaka uombwe, na ukiombwa, usikimbilie nyimbo za huzuni. Nimeona mara nyingi kwamba aliyefiwa huomba kile ambacho marehemu alikipenda, hata kama ni wimbo wa kucheza. Mpigie huo, wote, mpaka mwisho.

Hatua ya mwisho: daftari

Kazi haijaisha alipoondoka. Imeisha aliporudi ukamuuliza aliachia wapi. Ninatunza daftari la shule lenye safu nne: tarehe, nilichompa, alipoachia, na sababu. Siandiki jina kamili la mtu, naweka alama ninayoielewa mimi, kwa kuwa vitabu ambavyo mtu hakuvimaliza ni siri yake. Ukurasa wa fundi una mistari mitatu hadi sasa. Mstari wa kwanza: Tram 83, mwanzoni, “wanaongea, hawafiki.” Wa pili: Mzimu wa Watu wa Kale, amemaliza, maneno kumi magumu. Wa tatu: kitabu kingine cha upelelezi, ameachia katikati, na kwenye safu ya sababu nilikuwa nimeandika “amechoka na hatari,” mpaka aliponieleza kwamba mke wake alijifungua wiki hiyo. Nilifuta. Safu tatu za kwanza naziandika kwa kalamu ya wino. Ya nne, kwa penseli.